Uzito wa Imara

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba jina linabadilishwa mwaka huu na bado hatujatangaziwa jipya. Lakini ni nchi nzuri, na viongozi wake wana adabu sana. Hata yule aliyekuja kuchukua fedha zetu alivua viatu mlangoni, na nilipoinuka kumletea kiti akasema, "Kaa, mama, usijisumbue, nitachukua mwenyewe."

Fedha zenyewe zilikuwa za chama chetu cha kuzikana, hapa mtaa wa Kisimani. Kila nyumba ilichanga kidogo kila mwezi, na penye msiba chama kilinunua jeneza, kikakodi gari, kikalisha waombolezaji. Tulizihifadhi katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tuliwapa wanawake watatu wasiopatana: Perpetua, ambaye ni dada wa mume wangu, Leokadia, muuza mkaa, na Yasinta wa mashine ya kusaga. Watatu hao hawakuwa wakisalimiana tangu ugomvi wa kuku mmoja wa zamani, na ndiyo sababu tuliwachagua. Watu wasioweza kula sahani moja hawawezi kuiba pamoja. Utaratibu huo ulitusaidia miaka na miaka, na hakuna aliyezikwa kwenye mkeka.

Basi siku moja Mkuu wa nchi akazungumza redioni. Akasema taifa limepata sarafu mpya, na inaitwa Imara. Haishikiki, haikunjiki, panya hawezi kuila. Inakaa hewani, na mtu anaitazama kwenye simu.

"Fedha ya karatasi ni mzigo kwa mwananchi," Mkuu akasema, "na serikali yenu imedhamiria kuwatua mizigo yote."

Tulipiga makofi pale pale kwenye redio. Vyama vyote vya kuzikana, vya harusi na vya kukopeshana viliagizwa kuhamia Imara kabla ya mavuno.

*

Aliyevua viatu ni Bwana Kalokola, Afisa Mhamasishaji wa Imara katika kata yetu. Alikuwa mwembamba, mpole, na shati lake lilikuwa limefuliwa hadi kola ikawa laini kama kitambaa cha mtoto. Alikunywa uji wetu wote na kusema hajawahi kunywa mtamu kama huo. Nilimpenda.

"Mama zangu," akasema, "fedha zenu humo sandukuni zimelala. Imara hailali. Usiku mnalala, yenyewe inapanda."

Mume wangu Gaudensi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa mtu wa mwili, fundi mwashi, na akikaa kigodani kigoda hakionekani.

"Sasa, bwana," akauliza, "hiyo Imara inapanda kwa sababu gani?"

"Kwa sababu watu wanainunua, mzee."

"Na watu wanainunua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu inapanda."

Gaudensi akafikiri. Akamtazama yule kijana, jasho lilivyokuwa likimtoka, na vumbi la njiani miguuni.

"Nimeelewa," akasema. Hakuelewa. Alimhurumia tu.

Bwana Kalokola alieleza kwamba Imara haina kufuli. Ina maneno ya siri, na anayeyajua yote ndiye mwenye fedha. Sisi tukasema haiwezekani, mtu mmoja hapewi ufunguo wote, si desturi yetu. Akasifu desturi yetu. Maneno yakagawanywa mafungu matatu, Perpetua akapata lake, Leokadia lake, Yasinta lake. Kila mmoja akaenda kukariri kwenye kona yake ya ua, na Leokadia akaziba masikio kwa vidole asije akasikia hata herufi moja ya Perpetua.

Kisha sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa, Bwana Kalokola akaziweka kwenye mfuko wa serikali. Akatuachia sanduku. Alisema linaweza kutufaa kuwekea unga.

*

Imara ikapanda kweli. Bei yake ilisomwa redioni kila asubuhi, baada ya hali ya hewa na kabla ya vifo. Wanaume waliokuwa hawaamkii mke waliamkia simu. Tulisikia kwamba chama chetu sasa kina uwezo wa kuuzika mtaa mzima na mtaa wa jirani, na majirani wakaanza kutuamkia kwa heshima.

Mikutano ya chama ikawa ya furaha. Zamani tulikuwa tunajadili maharage. Sasa watu walisimama kuagiza mazishi yao. Mmoja alitaka bendi ya tarumbeta. Mwingine alitaka jeneza lenye dirisha la kioo, ili aone nani kaja na nani hakuja. Perpetua akaomba azikwe mara mbili, hapa na kwao.

"Na wewe, kaka?" wakamuuliza Gaudensi.

"Mimi mnizike nyuma ya nyumba niliyoijenga," akasema, "na jina langu liandikwe kwenye saruji na mtu anayejua kuandika. Basi."

Wakamcheka. Wakasema ni mtu wa mambo madogo.

Mimi, kwa ujinga wangu wa jikoni, nikasimama nikapendekeza tutoe fungu dogo tu, tununue mbao tuziweke darini. Wengi wakakubali. Kilichobaki ni wale watatu kuketi pamoja na kila mmoja kutamka maneno yake kwenye simu.

"Siwezi kutamka yangu mbele ya mtu aliyeniita mwizi wa kuku," Leokadia akasema.

"Sikukuita mwizi," Perpetua akajibu. "Nilisema kuku wangu aliingia kwako kwa miguu yake, akatoka kama harufu."

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe?"

"Na mimi mnanitazama nini?" Yasinta akadakia. "Mimi niliona tu manyoya. Hata kama nilieleza watu, nilieleza manyoya."

Mkutano ukaahirishwa. Ukaahirishwa tena. Imara ikaendelea kupanda, na sisi tukaendelea kutajirika bila kuweza kuugusa utajiri wetu, na Bwana Kalokola akatusifu kwenye mkutano wa kata. Alisema chama cha Kisimani ni mfano wa uvumilivu wa wawekezaji.

*

Gaudensi alifariki asubuhi, akiwa amekaa, kikombe cha uji mkononi. Hakumwaga. Nilikitoa kikombe vidoleni mwake kikiwa bado cha moto.

Majirani walikuja kabla sijajua kama nimewaita. Mmoja alinifunga kanga kichwani, mwingine akafagia ua, mwingine akawasha moto nje, maana kwetu moto wa matanga ukishawashwa hauzimwi, na aliyekuja haondoki mpaka marehemu awe ardhini. Wale wanawake watatu walikuja wakikimbia kutoka pande tatu. Wakakutana mlangoni, wakatazamana.

"Perpetua," Leokadia akasema, "umefiwa, siwezi kukuficha. Kuku nilimla."

"Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mgumu."

"Basi Mungu alishakuadhibu," Perpetua akasema, wakakumbatiana na Yasinta katikati, wakalia wote watatu. Nilishukuru. Nilimwambia Gaudensi moyoni, tazama umefanya nini.

Wakaketi mkekani, wakashikana mikono, kila mmoja akatamka maneno yake kwa sauti. Simu ikafunguka.

Imara ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Mali yote ya chama ilitosha kununua misumari ya jeneza, bila mbao.

*

Bwana Kalokola alikuja mchana ule ule. Akavua viatu. Alilia kweli, nayajua machozi ya kazi na nayajua ya moyoni, na yale yalikuwa ya moyoni.

"Lakini mama," akasema akijifuta, "nimetumwa nikueleze usije ukasikia vibaya mitaani. Imara haijaanguka. Imeinama kuwasalimia wananchi."

Kesho yake Waziri wa Utulivu akasema redioni kwamba Imara imepiga magoti, kama binti aliyelelewa vizuri anavyopiga magoti mbele ya wakubwa. Siku iliyofuata akasema imelala kifudifudi kwa heshima. Akawataka wananchi waipokee salamu hiyo kwa utulivu, na akaonya kwamba atakayeiuza wakati imeinama atashtakiwa kwa Kosa la Kukata Tamaa.

Gaudensi alikuwa amepelekwa chumba cha maiti. Malipo ya kumtunza yalitozwa kwa Imara, na kila Imara ilivyozidi kusalimia, malipo yalizidi kupanda. Mhudumu wa pale alikuwa mwanamume mwema. Alinionyesha kwamba alikuwa amemfunika mume wangu koti lake mwenyewe, kwa sababu mashuka yalikuwa yameuzwa kununulia Imara wakati inapanda.

"Nisingependa kumshikilia, mama," akasema. "Lakini simu ndiyo inayofungua mlango. Mimi sina ufunguo. Walinitua."

Uani kwangu watu hawakuondoka. Hawakuweza, hajazikwa. Wakaja wenye misiba mingine kuazima masufuria, maana nao walikuwa wamekaa matanga na maiti zao zimezuiwa. Muda si mrefu nusu ya mji ilikuwa kwenye matanga ya nusu nyingine. Shule hazikuwa na walimu. Ofisi ya kodi haikuwa na mtu, na hilo ndilo lililoifanya serikali ichukue hatua.

Hatua yenyewe ilikuwa hii: waliofariki tangu Imara iiname hawatahesabiwa wamefariki. Wataitwa Wasafiri, mpaka soko litakapotulia. Na kwa kuwa wataalamu walikuwa wamegundua kwamba kilio huwakatisha tamaa wanunuzi, wananchi waliombwa wasilie kwa sauti.

Bwana Kalokola ndiye aliyetuletea habari hiyo, akiwa amesimama karibu na moto, hajui mikono aiweke wapi.

"Mwanangu," Perpetua akamwambia, "hebu nieleweshe mimi mzee. Kaka yangu amekufa au hajakufa?"

"Kwenu amekufa, mama. Kwa serikali yuko safarini."

"Basi mpigie simu, umwambie akirudi apitie kwa seremala."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka, wakanyamaza. Bwana Kalokola hakukasirika. Akatoka akasimama njiani na kutugeuzia mgongo, akatazama huku na huku kama mtu anayelinda, na kwa muda wote aliosimama pale akatuacha tulie. Kilio kilikuwa kimejaa kifuani, kikatoka chote. Alipomwona mgambo anakuja alikohoa, tukanyamaza. Sijamsahau kwa hilo.

*

Siku moja Imara iliinuka. Hatukujua kwa nini. Wengine walisema Mkuu ametabasamu kwenye picha. Redio iliposoma bei, mafundi walioahidi kuchimba kaburi nyuma ya nyumba walishika majembe, na Perpetua akapiga kelele, "Leokadia! Yasinta! Njooni, kaka anatoka!"

Wakaketi, wakashikana mikono. Perpetua akatamka yake. Leokadia akatamka yake. Lakini nchi nzima nayo ilikuwa imeketi na kutamka wakati ule ule, kila ua, kila kata, wajane kwa wagane. Yasinta alipofika neno la mwisho, simu ikaonyesha sifuri. Si ndogo, sifuri, duara kubwa limeketi katikati ya kioo.

Yasinta akaanza kujilaumu kwamba angetamka haraka zaidi. Wenzake wakamwambia hapana, alitamka vizuri, alitamka kama mtu aliyesoma. Wale mafundi wakarudisha majembe begani. Kaburi lilikuwa limefika magotini. Tukalifunika kwa matawi asije akatumbukia mtoto wa watu.

Nilikwenda kumweleza mhudumu wa chumba cha maiti. Akavuta pumzi. Akasema Wasafiri wasiolipiwa watachukuliwa kwa lori Jumamosi, kwenda kwenye shimo la halmashauri, wote pamoja. Akasema angejaribu kumlaza Gaudensi pembeni, asibanwe.

*

Ndipo serikali ilipotangaza kwamba Imara imefariki ikiwa kazini. Ilitangaza pia mazishi ya kitaifa, bendera nusu mlingoti, na rambirambi ya lazima kutoka kila nyumba, ilipwe kwa fedha ya karatasi.

Ijumaa asubuhi Bwana Kalokola akaja mbio, na kwa mara ya kwanza aliingia na viatu.

"Mama," akasema, "naomba uniwie radhi kwa swali hili. Mzee alikuwa na uzito gani?"

"Kwa nini, mwanangu?"

Akaketi mkekani, akasimulia. Kulikuwa na jeneza la mninga lenye vishikio vya shaba. Askari walifanya mazoezi ya kulibeba mbele ya Waziri. Lakini ndani hamna kitu, kwa kuwa Imara yenyewe haishikiki, na jeneza likawa linapanda na kushuka mabegani kama kapu la pamba. Upepo ulipovuma likataka kuondoka na askari mmoja. Waziri akaona kwamba wananchi wakitazama watajua kuwa ni tupu. Wakatia mawe, mawe yakawa yanagonga. Wakatia mchanga; ukavuja njia nzima.

"Wanataka kitu kizito kinacholala kwa utulivu," Bwana Kalokola akasema. "Nikamkumbuka mzee. Nikasema moyoni, kesho lori linakuja. Mama, angalau apate jeneza. Na kasisi atakuwepo, na maombi yatasomwa, hata kama…"

Perpetua akainuka. "Umzike ndugu yangu kwa jina la sarafu? Iliyomzuia ndiyo imvae?"

"Mama, mimi nimepata wazo hilo tu. Sina lingine."

"Wifi," Perpetua akanigeukia, "mwambie atoke."

Nilimtazama yule kijana. Kola ilikuwa imeraruka. Nilijua kwamba mama yake pia alikuwa katika chama cha kuzikana, kule kwao. Nikawaza shimo la halmashauri, na Wasafiri wengine wakitupwa juu ya Gaudensi. Nikawaza kaburi letu lililofika magotini.

"Atavalishwa?" nikauliza.

"Nitamvalisha mimi mwenyewe."

"Suti yake ya kahawia ipo. Kifungo cha pili kinalegea, usikivute."

Perpetua akaketi tena. Akajifunika kanga usoni. Baadaye kidogo akasema kutoka ndani ya kanga, "Na soksi. Miguu yake ilikuwa inapata baridi."

*

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Palikuwa na bendi ya tarumbeta na mizinga. Mabalozi walikuja na miwani ya jua. Askari wanane walibeba lile jeneza wakitoka jasho, wakapepesuka mara moja, na umati ukanong'ona kwa mshangao, "Kumbe kulikuwa na kitu ndani."

Waziri wa Utulivu akasoma hotuba ndefu. "Leo tunamlaza shujaa," akasema, "ambaye hakuwahi kuanguka, bali aliinama tu kwa unyenyekevu. Wale waliosema kwamba Imara ni hewa, waje waulize mabega ya vijana wetu!"

Mimi nilisimama nyuma na wanawake wa Kisimani. Kilio kiliruhusiwa siku ile, na kilikuwa cha lazima, mgambo wakipita kukagua nani halii. Tulilia. Mgambo mmoja akatuonyesha kwa wengine, akasema, "Hawa ndio wazalendo." Perpetua aliita jina la kaka yake mara moja tu, na Leokadia na Yasinta wakapaza sauti juu yake ili lisisikike.

Jioni ile, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake jinsi Imara ilivyokuwa nzito, watu wakaanza kuinunua tena.

Kwa hiyo kaburi likawekewa uzio na mlinzi, kwa kuwa sasa ni hazina ya taifa. Juu yake wameandika IMARA kwa dhahabu, na mwandiko ni mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Bei hupanda na kushuka, nami siifuatilii. Wanaoruhusiwa kuingia ni wale wanaokuja kuomboleza sarafu. Kuomboleza kingine chochote pale ni kuharibu soko.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo, miguu imemvimba kwa kusimama. Foleni ilikuwa fupi. Alinitazama usoni, akaona nilivyokuwa.

"Unamlilia nani, mama?" akauliza, maana ndilo swali wanalotakiwa kuuliza.

"Fedha zangu," nikasema.

Akalegeza kamba. Akanishika kiwiko, akanivusha ile ngazi ya jiwe, ingawa si kazi yake.

"Pole sana," akasema kwa sauti ya chini. "Zilikuwa nyingi?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa nimezizoea."